Nyumba Tuliyowasafishia Wageni

Jumatatu walikuja mafundi shuleni kupaka chokaa ukuta wa nyuma ya vyoo. Tulikuwa kwenye hesabu, madirisha wazi, harufu ikaingia: ile harufu ya chokaa mbichi inapokutana na maji, inayochoma kidogo puani halafu inakuwa baridi, kama mvua imenyesha ndani ya nyumba. Wenzangu waliziba pua. Mimi niliomba ruhusa, nikatoka, nikasimama koridoni nikitazama viatu vyangu mpaka kengele ikalia. Mwalimu alidhani naumwa tumbo na nilimwacha adhani hivyo. Kueleza kitu kwa mdomo kunanishinda. Uso unawaka, sauti inapotea, halafu mtu anasema, "Sema tena, hatujakusikia." Kwenye karatasi hakuna anayeniambia niseme tena.

Harufu ile ni ya nyumba ya mtaa wa Bertrams, tuliyokaa nikiwa darasa la tatu. Baadhi yenu mmepita mbele yake bila kujua, mkienda uwanjani kutazama mpira. Ilikuwa nyumba ya mawe. Si matofali kama majirani zake, mawe hasa, yaliyovunjwa kwenye kilima cha nyuma ya mtaa, mengine makubwa kama gunia la mchele, na ukiyaangalia jua likiwa chini yanametameta. Mimi niliamini ni dhahabu. Kila mtu anasema mji huu umekaa juu ya dhahabu, basi nikaona sisi tumeipata ukutani, na wakubwa wamenyamaza ili wezi wasisikie. Kuta zilikuwa nene hivi kwamba nilipanda dirishani, nikakaa ndani ya unene wa ukuta, nikanyoosha miguu, na vidole bado havikufika nje. Madirisha yenyewe madogo, yako chini, kama macho ya mtu anayesinzia. Wakati wa joto ndani kulikuwa na baridi. Wakati wa baridi pia kulikuwa na baridi.

Kwa ndani ilikuwa nyumba moja ndefu, lakini hilo sikulijua. Nilichojua mimi ni plaiwudi. Papa, ambaye alikuwa fundi wa samani kwenye karakana moja Jeppestown, ndiye aliyeigawa nyumba kwa mbao za masanduku na plaiwudi na mapazia, kila familia na kipande chake, na katikati kijia chembamba ambacho watu wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Kila mtu alikuwa na ukuta mmoja wa mawe na kuta tatu za Papa. Juu, chini ya paa, ambako unapanda kwa ngazi ya mawe iliyojipinda kama konokono, walikaa Warundi, baba na mama na watoto wao, wanaimba nyimbo za kanisa kila asubuhi, na sisi tulio chini tuliamka nazo tupende tusipende.

Katikati ya nyumba kulikuwa na meko. Msifikirie meko ya mafiga. Lilikuwa pango kwenye ukuta, mtu mzima anaingia akisimama, juu yake boriti moja nyeusi ndefu, na ubavuni tanuri dogo la mikate lenye mlango wa chuma. Humo ndani ya meko alikaa Kaka Sefu wa Kigoma, mlinzi wa ofisi huko mjini. Hicho ndicho kilikuwa chumba chake. Alilaza godoro pale palipowashwa moto, akaziba dohani kwa gunia, akatundika pazia chini ya boriti, na buti zake za kazi alizilaza ndani ya tanuri. Ukimuuliza anakaa wapi, anasema, "Mimi nakaa jikoni kwa mzungu."

Sisi tulikaa mwisho kabisa, upande wa chini. Unashuka ngazi moja, na sakafu ya mawe inateremka taratibu kuelekea kwetu, na katikati yake kuna mfereji mwembamba unaokwenda mpaka kwenye tundu la ukutani, ambalo Papa alilijaza matambara kwa sababu ya panya. Kwenye ukuta wetu kulikuwa na pete za chuma, nzito, zimepangwa kwa usawa wa kiuno cha mtu. Mama alipitisha kamba ndani yake akaanika nguo. Mimi nilidhani ni hereni za nyumba. Na kwa sababu ya ule mteremko, kila kilichoanguka kilikuja kwetu: vitunguu, vizibo vya chupa, shanga za Mama Neema msusi, mpira wa watoto wa juu, hata maji ya mtu aliyemwaga ndoo. Wenzangu walikasirika kunifuata kuchukua vitu vyao. Mimi niliona nyumba inatupenda sisi kuliko wengine, ndiyo maana inatuletea.

Kwa ajili hiyo majirani walimwita Mama "Mama wa Chini". Alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka, siku zimekaribia. Inabidi niseme hapa kuhusu Mama. Mimi nilizaliwa kambini, ng'ambo ya ziwa, baada ya watu wa Uvira kukimbia. Dada yangu aliyenifuata alizaliwa safarini tukishuka kuja huku, na amelala katika mji ambao hata jina lake Mama halitamki. Kwa hiyo tumbo hili lilikuwa na masharti.

"Huyu atazaliwa ana nyumba," alimwambia Papa. "Hapana njiani tena. Atajua mlango mmoja."

"Mungu akipenda," Papa alisema.

"Mungu anapenda. Ni wewe sijui kama unapenda."

Papa akacheka, akampokonya beseni la nguo.

Halafu mzee mwenye nyumba akafa. Hatukuwahi kumwona sana, lakini alikuwa mzee asiyetusumbua. Mwanawe akaja na pikapu nyeupe, akazunguka nje, na wiki hiyo tukasikia nyumba itavunjwa, patajengwa magorofa. Mama aliacha kula. Alikaa kitandani amelishika tumbo kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba sufuria iliyojaa.

Kaka Sefu ndiye aliyeleta dawa. Kwenye jengo alilolinda alimsikia mtu mmoja msomi akisema kwamba nyumba za zamani sana zina watu wake, wanaozipenda, wanakuja kuziangalia, na wakishasema hii ni nyumba ya historia basi hakuna tingatinga litakaloigusa. Sefu alimwelezea yule mtu nyumba yetu, meko, ngazi ya konokono. Mtu akashtuka, akatoa namba ya simu. Mama Neema akapiga, kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa na makosa lakini hakikuwa na woga. Wakasema watakuja Jumamosi, na kwamba wamemwarifu mwenye nyumba, naye amekubali.

Nataka mwelewe furaha ya siku zile, la sivyo hamtaelewa kitu. Watu waliokuwa wanagombania bomba la maji walianza kuitana ndugu.

Ijumaa jioni Mama Neema aliwaita wote kwenye kijia. Alikuwa mtu wa Bukavu, mnene, anasuka nywele pembeni mwa soko, na akisema jambo limekwisha.

"Wageni wanakuja kuona nyumba, bo! Watakuta nini? Masuruali ya Sefu yananing'inia kwenye meko?"

"Suruali zangu nazo zina historia, Mama Neema," Sefu alisema.

"Historia ya jasho. Zitoke. Na haya maplaiwudi yote yatoke. Wanataka kuona nyumba, sisi tutawaonyesha mapazia?"

Hakuna aliyeshangaa. Kwetu ndivyo inavyofanyika. Ukiwa na ugeni mkubwa, ndoa au kilio, unatoa kila kitu: vitanda, masanduku, kabati, vyungu, vyote vinaenda kwa jirani, nyumba inabaki wazi, unaweka viti vya kuazima na vitambaa vyeupe. Mgeni haonyeshwi unapolala. Kumwonyesha mgeni godoro lako ni kama kumfungulia mlango ukiwa na nguo ya ndani. Warundi wa juu walikubali, kwao ni hivyo hivyo. Papa peke yake ndiye aliyesema, polepole, "Tuache hata kile chumba cha chini, mwanamke huyu apate pa kujilaza."

Mama akamjibu kabla ya wengine. "Na mimi niwe aibu ya nyumba nzima? Toa."

Basi Papa akatoa. Aliandika namba kwa chaki nyuma ya kila ubao, ili Jumamosi mchana arudishe kila mmoja mahali pake, na akaanza kung'oa misumari. Vitu vyote vikapakiwa kwenye matoroli ya kusukuma kwa mkono, vikapelekwa kwenye ukumbi wa kanisa letu Jeppestown, mikono ya wanaume ikisukuma na sisi watoto tukishikilia magodoro yasianguke, magari yakitupigia honi kwenye roboti, zile taa za barabarani. Wanawake walibaki wanakoroga chokaa kwenye pipa. Walipaka kuta zote kwa ndani. Ilikuwa bado mbichi tulipolala usiku ule wote pamoja sakafuni juu ya vitenge, na harufu ile ilikaa kifuani mwangu.

Asubuhi ndipo nilipoiona nyumba kwa mara ya kwanza. Ubao wa mwisho ulikuwa umeondoka, mtu akafungua mlango wa mbele na mwingine akafungua wa nyuma, na mwanga ukaingia mahali ambapo haukuwa umefika tangu tuhamie. Kumbe ni chumba kimoja kirefu! Kumbe boriti zote zinafuatana kutoka mwisho hadi mwisho, zimepinda kidogo kama mbavu! Watoto wa juu walianza kukimbia kutoka ukuta hadi ukuta wakipiga kelele ili wasikie kelele zikirudi. Hata mimi nilikimbia. Papa alisimama katikati na nyundo mkononi, ameinua uso.

"Eish," Mama Neema alisema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Tulikuwa tunaishi kanisani, na hatujui."

Wageni walikuwa bibi mmoja mzungu, mzee, mwenye fimbo, na vijana wawili wenye kamera. Nyuma yao aliingia yule mwana wa mwenye nyumba, kofia kichwani, anatafuna bablishi. Sisi tulikuwa tumejipanga ukutani, nguo za kanisani, wanawake vitenge vya sare. Kwenye meza ya kuazima kulikuwa na sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kukaanga, mikate ya mafuta, soda. Bibi yule alipoingia aliiacha fimbo yake mlangoni kama aliyeisahau. Alienda moja kwa moja kwenye ukuta, akaweka viganja vyote viwili juu ya mawe, akafumba macho. Nilidhani anaomba.

Mama Neema alinisukuma mgongoni. "Wewe ndiye unasoma shule ya hapa. Nenda utafsiri."

Nilitafsiri nikiangalia sakafu. Bibi alisema kuna nchi inaitwa Wales, ya vilima na mvua isiyokatika, na kwamba wakulima wa huko walijenga hivi hivi: mawe mazito, madirisha madogo, nyumba moja ndefu. Watu upande wa juu, karibu na meko. Ng'ombe upande wa chini. Paa moja, mlango mmoja, ili joto la ng'ombe liwafikie watu. Sakafu inateremka ili mkojo wa ng'ombe uende kwenye mfereji na utoke kwenye tundu. Pete za chuma ni za kufungia ng'ombe. Kijana mmoja wa huko alikuja hapa kuchimba dhahabu, akapata, akanunua kiwanja chini ya kilima, akajenga tena nyumba ya baba yake, kwa kukumbuka tu, akafuga humo nyumbu wake na ng'ombe wawili.

Sefu alingoja nimalize. "Shikamoo, Mama wa Chini! Kumbe wewe ndiye ng'ombe wetu!"

"Na wewe ndiye mkate uliosahauliwa kwenye tanuri," Mama akamjibu, na watu wakacheka mpaka yule bibi naye akacheka bila kujua anacheka nini. Halafu Mama akaacha kucheka. Alikuwa anaangalia meko. "Kwa hiyo hata yeye alikimbia kwao," alisema. "Akafika huku akajenga ya kwao." Sikulitafsiri hilo, hakuwa anamwambia mtu.

Bibi alikula sombe, akaomba tena. Alisifu chokaa, akasema hata kule Wales walipaka chokaa hivyo hivyo kila mwaka. Akauliza ni nani anayeitunza nyumba vizuri namna hii. Tukasema wote kwa pamoja, kama darasani: ni sisi. Akamgeukia yule kijana wa kofia akamwambia ana bahati ya kuwa na watu wema kama hawa. Kijana akatabasamu. Yeye alikuwa anazunguka tu, mikono mfukoni, amepanda juu, ameshuka, amechungulia ndani ya tanuri. Aliuliza swali moja, na halikuhitaji mimi.

"Vitu vyote vimetoka?"

"Vyote!" Mama Neema alijibu kwa fahari. "Hata kijiko hakuna."

"Sharp," kijana alisema, akaridhika.

Mama alinivuta sikio, akanong'ona. "Muulize. Nyumba haitavunjwa?" Niliuliza. Bibi aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu, macho yake ya bluu yamejaa maji, akasema kwamba yeye akiwa hai hakuna mtu atakayeondoa hata jiwe moja. Nililitafsiri neno kwa neno. Mama alipiga kigelegele kimoja, kirefu, kikapanda kwenye boriti na kurudi, na wanawake wote wakakipokea. Vijana wa kamera walipiga picha. Ile ilikuwa saa bora kuliko zote za maisha yangu. Nimejaribu kuifuta kichwani na imegoma.

Walipoondoka ilibidi turudishe meza na viti kanisani na kuchukua vitu vyetu, na kwa mzigo ule kila mkono ulitakiwa. Mama naye alitaka kwenda. Alisema mgongo unamuuma akikaa, na shuka zake hataki zishikwe na mtu. Yule kijana wa kofia alikuwa bado yupo, ameegemea pikapu. Alisema twende tu, yeye atafunga. Papa alimpa ufunguo kwa mikono miwili, kama anavyotoa sadaka.

Mchungaji alitaka kwanza kushukuru, na mchungaji wetu akishukuru hashukuru kidogo. Tuliporudi, matoroli yamejaa vitanda na mbao, Papa mbele anapiga mluzi, geti lilikuwa na mnyororo mpya. Ndani ya ua walisimama walinzi. Sefu alicheka, maana mmoja alimfahamu kazini.

"Baba, tufungulie. Mimi nakaa humu. Nakaa kwenye meko."

"Kwenye meko?" Mlinzi alitazama wenzake. "Wewe ni kuni?"

"Mimi nakuambia kweli."

"Na mimi nakuambia kweli. Nimeambiwa nyumba ni tupu, nimeingia, nimeona mwenyewe. Hamna hata kijiko."

Mama Neema alipiga geti kwa viganja mpaka majirani wakatoka. Mwishowe wakaja polisi, wawili, hawakuwa wakali. Papa alijaribu kueleza. Mimi nikatafsiri tena, nikiangalia tena chini. Mkubwa wao alitusikiliza, akatazama geti, akatazama matoroli yetu na vitanda na vyungu na magodoro.

"Mzee," alimwambia Papa, karibu kwa huruma, "ningekuta vitu hivi viko ndani, ningesema mnatolewa bila amri ya mahakama. Viko nje. Ninyi ndio mnataka kuingia."

 Papa alikwenda kwenye toroli, akashusha mbao. Alitafuta namba zake za chaki, moja baada ya nyingine, akazisimamisha pale pale kwenye kijia cha waenda kwa miguu, akaziegemeza kwenye ukuta wa ua, akazifunga kwa kamba za nguo. Watu walipita pembeni, wengine walipiga picha kwa simu. Jua lilikuwa bado kali. Alipomaliza kilikuwa chumba chetu, kipimo kile kile, kitanda mahali pake, beseni mahali pake. Mama aliingia kupitia pale ambapo palikuwa mlango, akaketi kitandani, akavua viatu. Sijui alidhani nini. Mimi nilidhani amechoka.

Kanisa lilituchukua siku hiyo hiyo. Mdogo wangu alizaliwa katika chumba cha nyuma cha ukumbi, kati ya viti vya plastiki vilivyobebanishwa mpaka dari. Kwa muda Sefu alizunguka kwa mawakili wanaosaidia bila malipo, na wote walimwuliza kitu kimoja: mna picha ya kuonyesha mlikuwa mnakaa mle? Picha zilikuwepo. Zilikuwa za wale vijana wa kamera. Chumba kirefu kitupu, cheupe, kimejaa mwanga, na watu waliovaa vizuri wamesimama ukutani kama wahudumu wa sherehe. Yule bibi alikuja kanisani mara moja alipojua. Alilia kwa kweli, alisema hakujua, alisema atapiga simu huku na kule. Mama hakumpa mkono. Bibi hakudanganya lakini: hakuna jiwe lililoondolewa. Siku hizi watu wanakodisha mle kufungia ndoa. Nimeona kwenye mtandao. Boriti wameipaka mafuta inang'aa, na chokaa wameiacha, ni ile ile ya kwetu, mkono wa Mama Neema unaujua tu kwa zile alama zake zinazopinda.

Mama Neema alihamia Pretoria. Sefu alirudi Kigoma, alisema ameshachoka kulinda vya watu. Papa alikwenda Durban kwa kazi ya miezi michache. Alipiga simu kila Jumapili, halafu Jumapili moja moja, halafu namba ikawa haipatikani. Mama hasemi amekufa na hasemi yuko hai. Mimi nafikiri alishindwa kutuangalia usoni, kwa sababu ni yeye aliyeng'oa misumari. Hakuna aliyewahi kumlaumu. Labda tungemlaumu angebaki.

Sasa tunakaa Jeppestown, chumba kimoja juu ya karakana ya magari, na Mama ambaye angefagia hata barabara kwa ajili ya mgeni amegeuka mtu mwingine. Mtu akibisha hodi, anasema, "Subiri!", halafu anaanza. Anamwaga kapu la nguo kitandani. Anatoa sufuria zenye masizi anazipanga sakafuni. Anatundika nguo za ndani, zake na zangu, kwenye kamba katikati ya chumba, hata kama ni kavu na safi. Rafiki pekee niliyemleta nyumbani alisimama mlangoni, akaona, akakumbuka kwamba dada yake anamngoja. Nililia siku ile, nikamwuliza Mama kwa nini ananifanyia hivi.

"Wajue watu wanakaa hapa," alisema.

Jumamosi iliyopita alikuja mwanamume na utepe wa kupimia. Alisema kwa upole kwamba jengo limepata mwenyewe mpya, na yeye anapima tu. Mdogo wangu alimwangalia Mama. Kwake huu ni mchezo, hajui nyumba nyingine, ana mchezo huu.

"Mama, tumwage?"

"Mwaga, mwanangu."

Akakimbia. Alitandaza viatu vyake vya shule, miswaki, sare, blanketi, daftari, akatupa mito huku anacheka. Mama alifungua begi la chini ya kitanda, lile la nguo alizomshonea kabla hajazaliwa, akaziweka mezani moja moja, kofia ndogo, soksi ndogo. Yule mwanamume alisema samahani, akaruka viatu, akaruka sufuria, akafika ukutani. Utepe ukawa haufiki vizuri. Akaniangalia, akaninyooshea ncha, akaniomba nimshikilie upande wa pili. Nilitaka kukataa. Nilikuwa na neno lenyewe mdomoni, uso ukawaka, sauti ikapotea, na mkono ukaenda wenyewe ukashika.

Alisoma kipimo kwa sauti, akashukuru, akatoka. Mama hakusikia. Alikuwa bado anatoa vitu, mpaka mabegi yakaisha.